Usisingizie Mimba: Presha, Kikohozi na Mama Mjamzito

Mwanamke mjamzito akilalamika kwamba kichwa kinamgonga, mama mkwe atamwambia mimba ina mambo yake. Akisema miguu imevimba hadi ndala hazimtoshi, jirani atamjibu kwamba hata yeye alivimba vivyo hivyo mimba ya pili na akajifungua salama. Akikohoa wiki tatu mfululizo, watu watalaumu vumbi, moshi wa kuni au baridi ya masika. Kila anayesema hivyo anamtakia mema na anataka kumtuliza. Lakini presha ya mimba na kifua kikuu (TB) hujificha vizuri kabisa nyuma ya maneno hayo ya faraja. Magonjwa yote mawili yana kipimo rahisi, yote yana dawa, na yote yanaweza kumuua mtu aliyecheleweshwa.

Nimeyaweka pamoja kwa sababu hospitali zetu nyingi huyatenganisha. Kliniki ya wajawazito iko jengo hili, kliniki ya TB iko ng'ambo ya uwanja karibu na geti la nyuma. Wauguzi ni tofauti, kadi ni tofauti, siku ni tofauti. Mama mmoja anaweza kuwa na magonjwa yote mawili, naye ndiye pekee anayepita milango yote miwili. Yeye au ndugu anayemsindikiza asipojua la kusema, habari muhimu hubaki njiani. Kwa hiyo makala haya nayaandika kwa mama mwenyewe na kwa watu wa nyumbani kwake: mume, wifi, mama mkwe, yeyote atakayeamua saa nane usiku kama bodaboda iitwe au kungoja kuche.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walikufa kwa sababu za ujauzito na uzazi, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa katika nchi zenye kipato cha chini au cha chini kiasi. Mwaka huohuo kifua kikuu kiliua watu wapatao milioni 1.25. Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zote zimo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huo. Kwa upande wa uzazi, utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2022 ulipata vifo 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati utafiti wa 2015/16 ulikuwa umepata 556. Hiyo ni hatua kubwa, na inathibitisha kwamba vifo hivi vinazuilika.

Tuanze na presha. Presha ya mimba huanza baada ya wiki ya 20, kwa mwanamke ambaye kabla ya hapo alikuwa mzima. Namba ya juu ikifika 140 au ya chini ikifika 90, na ikirudiwa baada ya saa nne bado iko hapo, imepanda. Ya juu ikifika 160 au ya chini ikifika 110 ni dharura, mama hatoki hospitalini siku hiyo. Katika aina yake ya hatari, ile inayoandaa kifafa cha mimba, chanzo kiko kwenye kondo la nyuma. Mishipa inayolipelekea damu haikutanuka vizuri tangu miezi ya mwanzo, kondo likapungukiwa damu, nalo likaanza kumwaga kwenye damu ya mama vitu vinavyojeruhi kuta za mishipa yake mwili mzima. Ndiyo maana ugonjwa mmoja huumiza kichwa, hutia ukungu machoni, huuma ini na kuharibu figo kwa pamoja. Na hadi ufike hapo, mama anaweza kuwa anajisikia vizuri tu, anafua, anacheka, anakwenda sokoni.

Kwa hiyo kupima ndiko kutakakomwokoa, na kupima kuna namna yake. Mama aliyetembea kutoka stendi, akasimama foleni, kisha akaitwa na kufungwa mkanda papo hapo juu ya mkono wa sweta, presha yake haitasomeka sawasawa. Kaa kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, miguu iko sakafuni bila kupishanishwa, kibofu ni kitupu. Mkono ulale juu ya meza usawa wa moyo, mkanda uguse ngozi, na usizungumze mashine inapofanya kazi. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ilivyo. Ikisomeka juu, omba irudiwe siku hiyohiyo, usiende nyumbani na jibu la nusu. Kisha uliza, "Sista, imesoma ngapi?" na uhakikishe namba imeandikwa kwenye kadi yako. Huo si utovu wa adabu hata kidogo. Tuseme kadi inaonyesha 100/60, mwezi unaofuata 110/70, halafu 124/80, halafu 138/88. Hakuna hata moja iliyovuka mstari, lakini mkunga mwenye uzoefu akiziona zimepangana hivyo hatakuambia urudi baada ya mwezi.

Mkojo nao upimwe kila mara. Kijiti kinachochovywa kwenye kikombe kina kipande cha protini ambacho hutoka njano kwenda kijani kadiri protini inavyozidi. Nawa kwanza, acha mkojo wa mwanzo upite, kinga wa katikati, kwa sababu ute wa ukeni ukichanganyika humo unaweza kutoa jibu la uongo. Vijiti vikiwa vimekwisha, na hutokea, uliza kituo gani cha jirani kinavyo, ukapime siku hiyohiyo. Kwa mama ambaye presha imeshapanda, kipimo hicho hakisubiri kliniki ijayo.

Dalili zinazotaka safari ya hospitali leo, siyo kesho, ni hizi: maumivu makali ya kichwa yasiyosikia panado, kuona ukungu, vimulimuli au giza, maumivu chini ya chembe ya moyo au chini ya mbavu za kulia, ambayo wengi huyaita vidonda vya tumbo, kutapika upya katika miezi ya mwisho, mkojo kupungua, pumzi kubana, uso na vidole kuvimba ghafla hadi pete haitoki. Kuvimba miguu jioni peke yake ni kawaida, wajawazito wengi huvimba, lakini anayeamka asubuhi na uso umejaa apimwe presha kabla hajapewa maneno yoyote ya kumtuliza.

Akianguka na kutetemeka, hicho ni kifafa cha mimba. Hajarogwa, hajapandisha mashetani, na mganga hana cha kumfanyia. Mlazeni ubavu wa kushoto, ondoeni kigoda, jiko na chochote kigumu kilicho karibu naye. Msimtie kijiko mdomoni, msimshike kwa nguvu, msimnyweshe maji wala dawa. Mtetemo ukiisha atalala kama mtu aliyechoka, na hapo ndipo familia nyingi hukosea kwa kusema amepoa, tungoje asubuhi. Degedege la pili linaweza kuja na kutokwa damu kwenye ubongo. Tanzania ina usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga kupitia M-Mama, namba 115, na kupiga ni bure. Namba hiyo iandikwe ukutani, isikae kwenye simu ya mtu mmoja ambaye pengine amesafiri.

Hospitalini atachomwa magnesiamu salfeti. Ndugu huiogopa dawa hii kwa sababu ikipita kwenye mshipa mama husema mwili mzima unawaka, na ile inayochomwa matakoni kila upande inauma kweli. Mwacheni achomwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba dawa hii hupunguza uwezekano wa kupata kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu, na tangu 1995 ilishajulikana kuwa inazishinda dawa nyingine za degedege kwa wagonjwa hawa. Mtamwona nesi akigonga goti la mama kwa nyundo ndogo, akihesabu pumzi, akitazama mfuko wa mkojo. Anaangalia kama dawa imezidi. Goti likiacha kuruka, dozi husimamishwa, na dawa ya kuiondoa sumu yake, kalsiamu glukoneti, hukaa karibu. Ndugu anayekaa kitandani anaweza kusaidia: akiona pumzi zinakuwa za kuvuta kwa shida, au mfuko wa mkojo hauongezeki kwa saa kadhaa, amwite nesi bila kuona haya.

Jambo gumu kuliko sindano ni uamuzi wa kuzalisha. Presha ya mimba huanza kupona kondo likitoka, na dawa za kushusha presha humlinda mama kwa muda tu ili madaktari wapate nafasi. Mama wa wiki 34 mwenye presha isiyoshuka anaweza kuambiwa mtoto atolewe leo. Familia husema mtoto hajatimia, tungoje. Naelewa uchungu huo, lakini kungoja kukizidi kunaweza kuwapoteza wote wawili. Swali la kumuuliza daktari ni kama hospitali hii inaweza kumtunza mtoto njiti, na kama haiwezi, rufaa iandikwe mapema mtoto akiwa bado tumboni.

Kuna wanaopaswa kuchukua tahadhari tangu mwanzo: mwenye mimba ya kwanza, mwenye mapacha, aliyewahi kupata kifafa cha mimba, mwenye kisukari, ugonjwa wa figo au presha ya siku zote, msichana mdogo sana na mama aliyevuka miaka 35. Wale walio katika hatari kubwa, hasa aliyewahi kuugua mimba iliyopita, huandikiwa na daktari aspirini ya dozi ndogo kuanzia kama wiki ya 12. Ukianza kliniki mwezi wa sita, nafasi hiyo imekupita. Madini ya chokaa nayo husaidia pale ambapo chakula hakina maziwa wala dagaa wa kutosha, ila vidonge vyake vimezwe saa tofauti na vile vya damu. Na mwenye presha ya siku zote anayetumia kaptopri, enalapri au losatani aende hospitali abadilishiwe mara anapojua ni mjamzito. Asiache mwenyewe, na asiendelee nazo.

Sasa kikohozi.

Kifua kikuu hukondesha watu, na hapo ndipo mimba inapodanganya. Tumbo linakua, mizani inapanda kidogo, kila mtu anaona mambo yako sawa. Ukitazama mashavu na mifupa ya mabegani utaona mama amekonda huku mimba ikinenepa. Uchovu, jasho la usiku na kukosa hamu ya kula vyote vina kisingizio tayari. Kwa hiyo mama mjamzito asiyeongezeka uzito inavyotakiwa aulizwe maswali yaleyale ya aliyekonda: anakohoa, ana homa, anatokwa jasho usiku hadi khanga inaloa? Kikohozi cha wiki mbili kinatosha kupimwa, na kwa anayeishi na VVU hata cha siku moja kinatosha. Nesi asipouliza, mama aseme mwenyewe.

Kipimo ni makohozi, na mengi yanayoletwa maabara ni mate matupu. Sukutua kwa maji asubuhi kabla ya kula, toka nje penye upepo, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha kohoa kutoka kifuani mpaka kitu kizito kipande. Funga kopo vizuri. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa saa chache na huonyesha pia kama vijidudu vimeshakuwa sugu kwa rifampisini. Wenye bahati ya kuwa Morogoro au Dar es Salaam huenda wamesikia habari za panya buku wa mradi wa APOPO na Chuo Kikuu cha Sokoine, wanaonusa sampuli za makohozi tangu 2007. Wanyama wale wamegundua wagonjwa wengi ambao hadubini iliwapita. Daktari akitaka picha ya kifua, usikatae kwa sababu ya mimba. Mionzi yake ni kidogo sana, na tumbo hufunikwa.

Dawa za kawaida za TB, vidonge vyenye rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambuto kwa miezi miwili kisha viwili vya mwanzo kwa miezi minne, zinatumika katika ujauzito. Ugonjwa usiotibiwa ndio unaomdhuru mtoto: huzaliwa njiti, huzaliwa mdogo, na mara chache huzaliwa nao. Dawa ya kukwepwa ni sindano ya streptomisini, inayoweza kumfanya mtoto awe kiziwi. Kidonge cha vitamini B6 huongezwa ili kulinda mishipa ya fahamu, usipopewa, uliza. Matibabu ni bure Tanzania tangu zamani. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza 1977, na kazi aliyoifanya humo Karel Styblo, daktari kutoka Chekoslovakia, pamoja na wenzake Watanzania ndiyo iliyozaa utaratibu wa kumsimamia mgonjwa anapomeza dawa ambao dunia nzima iliuchukua baadaye. Mama hana haja ya kununua chochote dukani.

Kumtengea kikombe na sahani hakusaidii chochote, na kunamvunja moyo. TB hupita hewani. Fungueni madirisha, alale chumba chenye upepo, afunike mdomo akikohoa, wenzake wa nyumbani wapimwe, hasa watoto chini ya miaka mitano. Ndani ya wiki chache za dawa, uwezo wake wa kuambukiza hupungua sana.

Magonjwa haya mawili yakikutana ndani ya mama mmoja, hapo ndipo kimya kinapoua. Rifampisini hulifanya ini liharakishe kuvunja dawa nyingine. Nifedipini, dawa ya presha inayotumika sana wodi za uzazi, ni mojawapo ya zinazovunjwa kwa kasi: mama anameza kidonge chake kwa uaminifu, lakini kinachofika kwenye damu ni kidogo mno, na presha haishuki. Daktari asiyejua habari ya TB ataongeza dozi au atadhani mama hamezi. Akijua, anazo dawa nyingine za kuchagua, kama methildopa. Anayeishi na VVU na anayetumia dolutegraviri naye dozi yake hubadilishwa, kwa kawaida humezwa mara mbili kwa siku, muda wote anapotumia rifampisini.

Ini nalo lina mtego wake. Dawa za TB zinaweza kuliumiza, na kifafa cha mimba kinaweza kuliumiza vilevile. Mama anatapika, anaumwa chini ya mbavu za kulia, macho yanakuwa ya njano. Wahudumu wa TB watadhani ni vidonge, wa uzazi watadhani ni presha. Asisubiri wabishane: apimwe presha, mkojo, damu ya ini na chembe za kugandisha damu, siku hiyohiyo. Mkojo wa rangi ya chungwa baada ya kumeza rifampisini ni kawaida na hauna madhara. Mkojo mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, pamoja na macho ya njano, ni sababu ya kurudi hospitali upesi.

Pumzi ndiyo mtego mwingine. TB hubana pumzi polepole kwa wiki nyingi, na makohozi yanaweza kuwa na michirizi ya damu. Mama anayeanza kuhema kwa saa chache, hawezi kulala chali, anakohoa povu la rangi ya waridi, mapafu yake yanajaa maji kwa sababu ya presha. Kuwa na kadi ya TB kusiwafanye watu waseme "ni kifua chake kilekile."

Kwa hiyo fanyeni jambo moja dogo. Kadi ya kliniki, kadi ya TB, na dawa zote anazomeza, hata za duka na za miti shamba, zikae kwenye mfuko mmoja. Popote aendapo mfuko uende naye, na umwagwe mezani mbele ya daktari. Sentensi ya kwanza aitamke mama au aliyemleta: "Ana mimba ya miezi saba, anatumia dawa za TB tangu mwezi fulani, na presha yake ya mwisho ilikuwa namba hii." Wodini, mama mwenye TB ambaye hajaanza dawa au ndiyo kwanza ameanza asilazwe katikati ya wengine. Kama hakuna chumba, apate kitanda cha dirishani na barakoa, na dirisha hilo lisifungwe usiku kwa kuogopa baridi. Ndugu anayekohoa asije kumtazama mzazi. Amtume mwingine alete uji.

Mtoto akizaliwa, anyonye. Dawa za TB hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo kisichomdhuru. Kama mama bado anaambukiza, avae barakoa anaponyonyesha, na mtoto achunguzwe. Asipokuwa mgonjwa hupewa isoniazidi kwa miezi sita, na chanjo ya BCG husogezwa hadi amalize, kwa kuwa dawa hiyo ingeiua chanjo yenyewe. Ndugu wasishangae bega la mtoto halina alama. Mtoto wa mama anayetumia rifampisini apate sindano ya vitamini K mara anapozaliwa, kwani dawa hiyo inaweza kumfanya atokwe damu kirahisi.

Presha haiishi mlangoni pa leba. Degedege linaweza kuja baada ya kujifungua, mara nyingi ndani ya siku mbili za mwanzo, lakini hata wiki kadhaa baadaye. Mama aliyerudi nyumbani akiwa na maumivu makali ya kichwa asiambiwe ni uchovu wa kulea. Apimwe ndani ya wiki ya kwanza, na tena wiki ya sita. Aliyewahi kupata kifafa cha mimba apime presha kila mwaka maishani, kwa sababu hatari yake ya presha ya kudumu, kiharusi na ugonjwa wa moyo ni kubwa kuliko ya wenzake. Kikohozi kikianza miezi ya kunyonyesha nacho kipimwe, maana TB nyingi hujitokeza wakati huo, kinga ya mwili inaporudi kuwa kama ilivyokuwa.

Kisha uzazi wa mpango, mapema, kabla hedhi haijarudi. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili havimfai mama huyu: rifampisini huvipunguza nguvu, na presha iliyobaki juu huvifanya viwe hatari. Vijiti vya mkononi navyo vinaweza kupungua nguvu anapokuwa kwenye dawa za TB. Sindano ya miezi mitatu haiathiriwi na rifampisini, ila kama presha bado iko juu sana mtoa huduma ataiangalia kwanza. Kitanzi cha shaba hakiguswi na presha wala na dawa, na kinaweza kuwekwa ndani ya siku mbili baada ya kujifungua, mama akiwa bado wodini na mfuko wake wa kadi kando ya kitanda. Jambo hili alizungumze na mkunga akiwa bado mjamzito, mume akiwepo.